Rock Nzito ya Were

Jumatatu, 1 Agosti 1977

Bendi yangu imepasuka. Wiki jana tulikuwa bendi moja ya rock, bora kuliko zote Kakamega (tuko mbili). Leo tuko bendi tatu zenye ngoma seti moja.

Were, mpiga solo, anataka rock nzito: gitaa lingurume mpaka mabati yatikisike. Navalayo, mwimbaji, anataka rock ya taratibu, yenye kinanda na maneno yanayosikika. Lusweti wa ngoma anataka rock ndefu, wimbo mmoja ubadilike mwendo mara kumi na usiishe. Nikawaambia rock ni moja, na mwenye bendi ni mimi, Osundwa, mpiga besi. Navalayo akauliza yangu ni rock gani. Nikatoka nje kama mtu anayekwenda haja.

Balaa! Jumamosi kuna bugi, dansi la mchana, ukumbini. Bwana Kipkemboi wa Nairobi atakuja kutafuta bendi ya kurekodi.

Jumanne, 2 Agosti

Mbinu ya kwanza: nimemwendea kila mmoja kwa siri na kumwambia niko upande wake. Safi kabisa! Ikadumu mpaka saa saba. Wote watatu walikutana hotelini kwa Milcah, wakala obusuma, ugali wetu, pamoja, wakalinganisha maneno.

Were alinifokea hadharani. Siku hizi hufoka hata akiomba chumvi. Majivuno! Tangu apelekwe kwenye mashine za kukamua miwa kule kiwandani anaongea na watu kama wako ng'ambo ya mto.

Alhamisi, 4 Agosti

Mbinu ya pili. Kabla ya mazoezi niliingia stoo ya Milcah, tunakoweka vyombo, na bisibisi, nikafungua amplifaya ya Were, nikang'oa waya mmoja wa spika na kujaza blanketi kuukuu. Nilitaka gitaa lake litoe sauti ya nzi chupani.

Likatoa sauti ya nzi chupani. Were akafumba macho, akapiga, akatabasamu. Hakugundua!

Lusweti akaacha ngoma. Navalayo akasimama nyuma ya Were na kumwita. Kimya. Akaita tena, kwa sauti ile ya kanisani. Kimya. Akaangusha upatu sakafuni, na mimi nikaruka. Were akaendelea kupiga.

Nilidhani anatudharau. Kisha nikaona Navalayo analia.

Ijumaa, 5 Agosti

Were ametueleza. Ni zile mashine. Miwa haikomi kuja, trekta juu ya trekta, zamu juu ya zamu, na masikioni hana hata pamba. Kwanza waliondoka ndege. Kisha sauti ya Awinja, binti yake. Sasa anatazama midomo. Gitaa analisikia kifuani, kwa mbao zake, na kwenye nyayo, likiwa zito na la chini; jana mbao zilimdanganya. Ndiyo maana. Hiyo ndiyo rock pekee iliyombakia.

Akanishika mkono. Akasema, "Ndugu yangu Osundwa, wakijua kazini watanifukuza. Usiniharibie."

Nikaapa. Machozi yalinitoka, mimi ni binadamu. Nikamrudishia waya wake na kusema panya ndio walioleta blanketi.

Njiani kwenda nyumbani nikapata wazo. Nairobi nzima haina kitu kama hiki! Nikaenda kwa mchora matangazo: NJOONI MSIKIE ROCK NZITO YA MPIGA GITAA KIZIWI! Jina sikuandika. Nimeapa. Nimebandika sokoni, ukumbini, na moja kwenye geti la kiwanda, maana wafanyakazi ndio wenye pesa za kiingilio.

Jumamosi, 6 Agosti

Ukumbi ulifurika. Were alivua viatu. Alipiga kitu ambacho sijawahi kusikia, kizito, cha polepole, kama trekta inayozama matopeni na kukataa kufa. Vijana walipiga kelele. Mzee mmoja alitoka akimwomba Mungu.

Bwana Kipkemboi akasema hakusikia bendi, alisikia bendi tatu zikigombana. Amemchukua Navalayo kwa rock ya taratibu. Lusweti amepata wenzake Kisumu, wataanza wimbo mwezi huu na kuumaliza Krismasi. Nikamuuliza Bwana Kipkemboi kuhusu besi yangu. Akauliza, besi gani?

Nyapara wa kiwandani alikuwa mlangoni. Hakucheza. Were alipopita, alimwita jina nyuma ya mgongo wake na kungoja kuona kama atageuka.

Jumatatu, 8 Agosti

Were amefukuzwa. Bila fidia: wameandika kwamba alianza kazi akiwa tayari kiziwi.

Alikuja kwangu na Awinja ili amsaidie kusikia. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu: ni nani aliyebandika lile tangazo? Nikajibu kwamba watu wa mji huu ni wabaya sana. Awinja akamtazama baba yake, akakataa kumwambia nilichosema. Wakaondoka, mtoto mbele, baba nyuma, mkono begani.

Sikulala vizuri. Nimefikiria sana makosa yalikuwa wapi. Nimeyaona: besi yangu ilikosa uzito.

Sasa nina mpango. Nafasi ya Were kwenye zile mashine iko wazi, na mshahara si mbaya. Msimu mmoja tu pale, na mlio ule nitaupata. Kesho asubuhi niko getini.