Nyuzi 37.5 Bila Kutikisika

Jumamosi, 1 Machi
Msiba. Pikipiki imemgonga kuku wa mama mkwe, yule wa kishingo, shingo tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Ukoo huo wa kuku anao tangu mke wangu hajazaliwa. Yamebaki mayai kumi na moja basi, na hakuna kishingo mwingine mtaa mzima. Mama mkwe amekaa jikoni kwetu, kayapakata mayai kwenye kitambaa. Inauma kumtazama.

Shemeji, kaka yake mke wangu, fundi friji, akasema atatafuta kuku anayeatamia. Kuku! Zama hizi! Nikajikuta nimesimama, natangaza kwamba nitaunda mashine ya kuangulia. Mke wangu akafumba macho. Mama mkwe akasema haya baba, nimekuachia wewe. Sasa nitarudi nyuma vipi?

Jumatatu, 3 Machi
Boksi la televisheni, lipo. Balbu, ipo. Feni ya kompyuta iliyokufa, ipo. Sensa ya kupima joto na mikrokontrola, kile kibao kidogo chenye akili, vipo kabatini miaka miwili vikinisubiri. Kazi nyepesi. Sensa inapima, kibao kinasoma. Joto likishuka chini ya nyuzi 37.5, balbu inawaka. Likifika, inazima.

Skrini ikasoma nyuzi 85. Kisha hasi 127. Kisha 85 tena. Mke wangu akauliza kama tuangue kuku au tutengeneze barafu, na je, ampigie kaka yake? Nikamwambia kaka yake ashike mafriji yake.

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe anakuja saa kumi kukagua. Saa tisa na nusu skrini bado inaweweseka. Nikapata wazo. Nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: joto ni 37.5. Sensa iseme itakavyo, jibu ni 37.5. Kwa muda tu, mpaka mgeni aondoke.

Akafika na shemeji. Mama mkwe akavaa miwani, akaisoma skrini, akasema kumbe baba ni fundi. Fundi! Mbele ya shemeji! Nilitamani arudie. Mgeni alipoondoka nikagundua kiunganishi cha sensa kimelegea, nikakikaza. Nikapanga mayai ndani, nikafunga boksi kwa utepe wa gundi pande zote. Mayai nageuza kwa kamba iliyotokea nje, joto lisitoroke. Skrini: 37.5. Raha iliyoje!

Jumatatu, 10 Machi
Nyuzi 37.5. Juzi 37.5. Jana 37.5. Mvua imenyesha, jua limewaka, haitikisiki. Tena haili umeme kabisa, mita kama imelala! Nimemweleza shemeji. Akakohoa, akatoka nje.

Mama mkwe alipita Jumatano asubuhi nikiwa kazini, eti kafuata bakuli lake. Tangu siku hiyo haulizi habari za mayai hata kidogo. Ananiuliza habari za kazi, basi. Mtu akikuamini, anakuamini.

Jumanne, 25 Machi
Siku ya ishirini na moja. Nimefungua boksi.

Baridi. Baridi kabisa! Balbu haijawahi kuwaka, hata vumbi lake lipo pale pale. Nikafungua programu. Mstari wangu huu hapa: joto ni 37.5. Sikuufuta! Nimekiambia kibao joto limetosha, nacho, kiumbe mtiifu, kikaniamini wiki tatu nzima. Nami nikaisoma skrini, nikakiamini.

Nimemaliza ukoo mzima wa kuku. Sijala. Mama mkwe nitamtazama kwa macho gani?

Jumatano, 26 Machi
Wazo! Nimekwenda kwa muuza vifaranga, nimerudi na kumi na mmoja. Wazuri, manjano, wachangamfu. Kasoro yao ni moja, wana manyoya shingoni.

Nikachukua mashine yangu ya kunyolea ndevu. Nilikuwa kwa kifaranga wa kwanza, nimefika nusu ya shingo, mlango ukafunguliwa. Mama mkwe. Nyuma yake mke wangu. Nyuma yao shemeji, kabeba droo ya mboga ya friji, na droo inalia.

Kifaranga wangu akapiga chafya.

Ndani ya droo, vifaranga tisa. Shingo tupu! Nilikaa chini nikalia kama mtoto, sioni haya kuandika. Mama mkwe akaeleza taratibu. Ile Jumatano alifungua boksi, akaweka yai shavuni, likamwambia yote. Akayapeleka kwa shemeji, kwa kuku anayeatamia ndani ya friji bovu karakanani. Ndani ya boksi langu akaweka mayai ya dukani, akabandika utepe upya. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema baba, ulikuwa na furaha mno, ningeanzia wapi?

Shemeji akasema tu friji lile halina hata waya. Nikamkumbatia. Leo aseme lolote.

Alhamisi, 27 Machi
Nimelala usingizi mtamu. Tisa wazima! Kitu kama gunia kimetoka mgongoni.

Nimetafakari sana kosa langu. Kosa lilikuwa utepe wa gundi. Mwenye boksi la wazi angegusa yai mapema, akajua.

Sasa vifaranga wamekuwa ishirini, pamoja na wangu kumi na mmoja, na kuku mmoja hawezi kuwafunika wote. Wanahitaji chumba chenye nyuzi 35. Nimejitolea. Mke wangu kafumba macho tena, sijui ana tatizo gani la macho. Mama mkwe anakuja kuona saa kumi. Sensa imeanza kuweweseka tena, kwa hiyo nimeandika 35 kwenye programu.

Kwa muda tu.