Kwinini Iliyogoma Kuwaka

Jumatatu, 3 Juni 1957
Habari kubwa! Daktari wa maabara yetu hapa Nakuru ana nafasi ya mtu kwenda Nairobi kusomea kazi ya maabara. Tunaogombea ni wawili. Mimi, Joash Khaemba, niliyemwoshea vioo miaka sita. Na Saad wa Bondeni, anayechana nywele kila saa. Hm! Ijumaa kila mmoja alete kwinini iliyoyeyushwa kwenye maji na asidi kidogo. Itakayong'aa buluu zaidi chini ya taa ya zambarau, mwenyewe anakwenda. Daktari kaonya, kwa Kiswahili chake cha Mzungu wa shambani, hapana tia chumvi. Kwani tunapika sukuma?

Jumatano, 5 Juni
Nimechungulia. Saad anatumia asidi ya betri, tone moja moja. Ya betri! Anatengeneza lori? Mimi nimekwenda kwa fundi wa bati sokoni. Ile asidi yake ya kusafishia bati kabla ya kulehemu inafuka moshi. Tone moja limetoboa shati langu. Huo ndio ukali! Milcah, mke wangu, ameshatangazia landi nzima, nyumba zote za wafanyakazi, kwamba tunahama.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu gani hii! Taa kuwashwa, ya Saad ikawaka buluu mpaka Daktari akapiga makofi. Yangu giza tii. Saad hata hakucheka, mnafiki. Akanieleza kwa upole kwamba kwinini hupokea mwanga wa taa, huushika punde kidogo sana, kisha huutoa ukiwa buluu. Lakini asidi ya bati hutengenezwa kwa chumvi, na chembe zilizotoka kwenye chumvi huigonga kwinini kabla haijautoa. Mwanga unaishia kuwa joto tupu. Eti ni kama mtu aliyebeba chai, ukimpiga kikumbo mlangoni mgeni hanywi. Upuuzi! Nimeionja hiyo asidi kwa ncha ya ulimi. Ni chachu, haina chumvi hata kidogo. Ulimi umevimba.

Jumamosi, 8 Juni
Kumbe nafasi ni mbili! Daktari anataka ukurasa mmoja tu: kwa nini yangu ilizimika? Nikipatia, naenda pamoja na Saad. Saad naye kaniandikia jibu lote kwenye karatasi, akasema ninakili. Anataka kunipoteza huyo. Karatasi yake nimewashia jiko. Milcah amelia. Hajui sayansi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimepeleka kurasa nne. Sababu ni kijicho. Saad aliikodolea chupa yangu kabla taa haijawashwa, na shahidi ni mimi mwenyewe. Nimependekeza mtihani urudiwe, Saad akiwa amefungwa kitambaa machoni. Daktari alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akashika kichwa. Ameguswa sana. Nimemwambia Milcah afunge mizigo.