Vifuniko Viwili vya Gari la Marehemu

Jumatatu, 3 Juni
Gari lina vifuniko viwili. Nimelijua hilo leo, baada ya miaka minne ya kulipanda. Kimoja kiko mbele kushoto, juu ya tairi. Hicho cha umeme. Kingine nyuma kulia, cha mafuta. Mke wangu ndiye aliyekuwa akivifungua. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha pembeni na kushika mkoba wake.

Ana miezi miwili na siku tano kaburini.

Shemeji kaja asubuhi. Ni mdogo wake marehemu, fundi umeme, mtu mwenye jibu kabla hujamaliza swali. Kila wiki huja kuliwasha gari kidogo, kwa umeme tu, lisife. Leo kasema limechoka kukaa. Kasema afadhali alichukue yeye, na nikiwa na safari atanipeleka. Nikamwambia asihangaike, siku hizi naliendesha mwenyewe. Uongo. Leseni ninayo, ila mara ya mwisho kushika usukani binti yangu alikuwa chekechea. Shemeji akatazama vumbi lililolala juu ya boneti.

Jioni binti kapiga simu. Anakuja Jumapili, tukae sote watatu tuamue. Nina siku sita za kuwa dereva.

Jambo moja sijamwambia mtu. Tangi lina mafuta robo. Aliyatia mwenyewe, siku mbili kabla ya kulazwa. Sitayagusa. Gari hili linaweza kwenda kwa umeme mtupu kilomita arobaini, na mimi ni fundi cherehani wa sare za shule, wateja wangu wako mitaa mitatu tu. Nitatembelea umeme. Mafuta yabaki yalivyo. Mpango safi, hauna mashimo.

Jumanne, 4 Juni
Mashimo yapo.

Jana nilikibonyeza kifuniko cha mbele, kikafunguka chenyewe kwa adabu. Nikachomeka ncha moja ya waya, nyingine kwenye soketi ya cherehani. Taa ya kijani ikawaka. Nililala kifua mbele.

Asubuhi waya hautoki. Nikauvuta. Nikauvuta tena nikiwa nimekanyaga bampa. Nikaubembeleza. Mara ya nne nikaegemea kifuniko, kikalia ka! na kuning'inia kama sikio la mbuzi. Fundi viatu wa mtaani kwetu alikuwa amesimama muda wote, mikono nyuma. Akaniuliza kwa upole kama milango nimeifungua kwa ufunguo. Nikamwuliza milango inahusianaje na waya. Akasema gari likiwa limefungwa, linaushika waya usiibiwe.

Nikabonyeza ufunguo. Waya ukatoka kama kisu ndani ya siagi.

Kifuniko nimekifunga kwa lastiki ya kiuno cha sketi, namba kumi na mbili. Kutoka mbali hakionekani vibaya. Kutoka karibu kinaonekana kama gari limevaa sidiria.

Mke wangu angecheka mpaka akae chini. Nilikaa mimi badala yake, pale pale kibarazani, bila kucheka.

Jumatano, 5 Juni
Mkakati mpya. Shemeji hupita kituo cha mafuta kila jioni na huongea soka na vijana waosha magari wa pale. Wakiniona nikiendesha, shemeji atasikia. Nimeonwa, basi mimi ni dereva. Wala sina haja ya kutia kitu.

Nilifika salama, magoti yakigusa usukani. Kiti kiko kama alivyokiacha yeye, na yeye alikuwa mfupi. Nikasimama upande usio wa mafuta. Mhudumu, mama wa makamo mwenye kofia nyekundu, akauvuta mpira wa pampu akauzungusha nyuma ya gari, haukufika. Nikashuka kuonyesha ujuzi. Kwa papara nikafungua lastiki, nikamwonyesha kifuniko cha mbele.

Akasimama na bomba mkononi. Akasema, "Baba, hapo ni pa umeme."

Nikasema najua, nilikuwa nampima.

Akanielekeza pa mafuta. Akasema nacho hakifunguki kwa kubonyeza, kuna kitufe ndani karibu na mlango, nibonyeze, halafu nisubiri, maana tangi linatoa kwanza hewa iliyojaa. Alikuwa anajua gari langu kuliko mimi. Akasema wakati wa kusubiri ndio Mama Mkunga, yaani mke wangu, alikuwa akimsimulia watoto waliozaliwa wiki ile. Uzito wao, jinsi walivyolia. Akaniuliza mbona haonekani siku hizi.

Nikasema amesafiri.

Sijui kwa nini. Yule mama akafurahi, akasema nimsalimie sana akirudi. Nikasema nitamsalimia. Nikamwambia nimesahau pochi, nikaondoka bila mafuta na bila kuaga. Nilipofika nyumbani nilijikuta bado naitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 6 Juni
Msiba ndani ya msiba.

Nilikuwa napeleka sketi arobaini shule ya pili, betri imejaa pomoni. Kwenye kona ya duka la dawa nikasikia mngurumo. Injini imejiwasha yenyewe. Inakunywa mafuta ya mke wangu.

Nikazima gari. Nikawasha. Ikanguruma tena. Nikazima. Nikakaa nimeshika usukani huku watu nyuma wakipiga honi, nikiwaza ni vijiko vingapi vimeshaenda. Mwishowe nikalisukuma pembeni peke yangu, nikafunga milango, nikabeba sketi arobaini kichwani hadi shuleni. Mwalimu mkuu akauliza gari lina nini. Nikasema lina huzuni. Akadhani ni utani.

Nimenunua mpira wa mita mbili. Kesho nayatoa mafuta yote tangini na kuyahifadhi kwenye dumu. Hapo injini iwake ikitaka, haitakuta kitu.

Ijumaa, 7 Juni
Nilibonyeza kitufe, nikasubiri, kifuniko kikafunguka. Hapo nilijisifu. Nikaingiza mpira. Ukagota. Ndani ya shingo ya tangi kuna kizuizi, kimewekwa kwa ajili ya wezi. Na mimi nilikuwa kando ya barabara, pale pale nilipoliacha gari jana, nimepiga magoti, mpira mdomoni, nanyonya hewa yenye ladha ya kituo cha mafuta.

Hivyo ndivyo shemeji alivyonikuta.

Akauliza nafanya nini. Nikasema ukaguzi. Akauliza lastiki ile ni ya nini. Nikasema mapambo. Akavuta pumzi, akakaa chini kwenye ukingo wa barabara na suruali yake ya kazi, akasema, "Shemeji, mimi si adui yako."

Basi nikamwambia. Mafuta aliyatia nani, lini, na kwamba injini imeanza kuyala. Sikumtazama usoni nilipokuwa nasema.

Akauchukua mpira mkononi mwangu, akaukunja. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kwamba injini isipowaka wiki nyingi gari huiwasha lenyewe isigande. Kwamba mafuta nayo yakikaa mno huchacha. Hata nikiyaficha yatakufa humo humo tangini.

Nikamwuliza sasa nifanye nini.

Akasema, "Kaburini umekwenda lini?"

Nikasema tangu mazishi sijaenda. Ni kilomita sabini, umeme haufiki.

"Mafuta yanafika," akasema.

Jumamosi, 8 Juni
Tumekwenda.

Niliendesha mimi. Shemeji alikaa pembeni. Njiani akaniuliza kwa nini sisogezi kiti nyuma, magoti yataumia. Nikakaza macho barabarani. Akatazama kiti, akatazama pale miguu yangu ilipokunjika, akageuka dirishani. Baada ya muda nikasikia anapenga kamasi.

Umeme uliisha kabla ya daraja. Injini ikanguruma na safari hii nikaiacha. Nilisikiliza kila mlima. Nilikuwa nadhani nitaona ninapoteza kitu. Badala yake ilikuwa kama anatuleta yeye.

Kaburi limeota majani. Tuliyang'oa kwa mikono, shemeji upande wa kichwani, mimi upande wa miguuni. Nikamweleza mke wangu habari ya waya, bampa na lastiki. Shemeji akacheka kwa sauti, akaomba radhi, akalia. Kumbe alilitaka gari kwa sababu ile ile. Anasema akikaa ndani anamsikia dada yake akimgombeza kwa kuingia na viatu vichafu.

Kurudi, taa ya mafuta ikawaka. Tuliingia kituoni, upande sahihi. Yule mama mwenye kofia nyekundu akaja akitabasamu, akauliza kama Mama Mkunga amesharudi. Nikabonyeza kitufe. Kuna ule muda wa kusubiri hewa itoke. Ndani ya muda huo nikamwambia.

Aliweka mkono wake juu ya paa la gari na kuuacha pale. Kifuniko kikafunguka. Akatia mafuta hadi juu, akifuta shingo ya tangi kwa pindo la kitenge chake, pole pole, kama mtu anayemfuta mtoto mdomo.

Jumapili, 9 Juni
Kikao kimefanyika, kifupi kuliko chai yake. Shemeji mwenyewe kasema gari libaki kwangu, yeye alichukue kila Jumatano. Binti kakubali kwa sharti moja. Akanishika mikono yote miwili. "Baba, hakuna kuficha tena. Ukishindwa sema, ukiumia sema." Nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote na bado naapa. Mambo ya kung'ang'ania mafuta yamepita. Mafuta ni mafuta. Nimekua.

Kisha binti akatoka kulijaribu gari. Kioo kilikuwa na vumbi la safari, akabonyeza maji ya kuoshea. Yakaruka, ya samawati, na harufu ikaingia mpaka ndani. Sabuni ya mke wangu. Ile aliyokuwa akifulia makoti ya kazi. Binti akasema ndiyo, mama hakuwa akinunua dawa ya kioo, alichanganya mwenyewe, na chupa yake humo ndani bado imejaa karibu yote.

Nimengoja wote wawili waondoke. Kile kitufe cha maji ya kioo nimekibandika karatasi, nimeandika kwa kalamu nene: KIBOVU. Jumatano shemeji akiuliza nitamwambia mota imeungua na kipuri hakipatikani nchi nzima. Kioo nitakifuta kwa kitambaa.