Jahazi Letu la Nyakakika

Jumapili, 6 Julai 2025

Jahazi limekamilika! Mzee Elipidius, fundi wetu wa kuchonga, kaweka tezo chini jana jioni. Gogo zima, refu, pana, linakalisha watu sita. Nimelizunguka hadi nikachelewa ibada.

Baada ya ibada, Protase tena. Mwaka jana jirani yangu huyu alipanda basi kwenda Dar es Salaam, akaiona bahari, na hadi leo hana habari nyingine. Leo kawaeleza akina mama kwamba maji yake yana chumvi. Wameshtuka. Yeye kaiona bahari upande huu. Mimi, mke wangu Avelina na binti yetu Benadeta tutaiona upande wa pili! Kuna Wazungu kwenye video za simu yangu wamevuka bahari na watoto na paka. Sisi hatuna hata paka wa kutuchelewesha.

Mti alitoa mama mkwe. Hakuuliza wa nini. Alisema tu nimkumbuke kwenye harusi ya shemeji Sperancia, Jumamosi hii. Nikasema bila shaka, mama.

Jumatatu, 7 Julai

Mazoezi. Protase alisema baharini watu hutapika. Basi heri kutapika mapema, nyumbani. Nimewaketisha Avelina na Benadeta ndani ya jahazi katikati ya migomba, nikalitikisa kwa nguvu zangu zote. Avelina aliendelea kupukuchua maharage. Benadeta alicheka. Aliyetapika ni mimi.

Mama mkwe kapita. Kaingiza mkono, kapapasa kuta, kagonga sakafu, kasema ni imara, litafaa sana. Baraka za mzazi hizo! Avelina alianza kuniambia kitu kuhusu mama yake na Alhamisi, lakini Wazungu walikuwa wanakunja tanga. Nikamwambia angoje.

Jumatano, 9 Julai

Tanga tayari: turubai la kuanikia kahawa. Kahawa imelala chini. Avelina kaniangalia kwa namna ambayo sitaiandika.

Mlingoti umenitesa. Nikiusimamisha, unaanguka. Kisha likanijia wazo hadi nikakaa chini kwa mshtuko. Tundu! Nimetoboa sakafu ya jahazi, nikapitisha mlingoti mpaka ardhini. Umesimama kama nguzo ya umeme! Protase kauliza kutoka upande wake wa uzio, je, majini utachomekwa kwenye nini. Wivu huo. Wakati wa kulisafirisha, mlingoti utang'olewa na tundu litazibwa. Kizibo cha mti nimekichonga mwenyewe, nimekizungushia nyuzi za mgomba.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda Kayanga kutafuta lori la ndizi liendalo Dar. Dereva kakubali kutubeba. Alicheka sana, mtu mchangamfu.

Nimerudi. Jahazi hakuna! Mlingoti umelazwa kwenye majani. Nimepiga yowe. Moja kwa moja kwa Protase, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Tumepekua banda la mbuzi, tumepekua jiko, tumechungulia chini ya kitanda, ambako jahazi lisingeingia, lakini mwizi ni mwizi. Hakuna kitu. Protase anataka aombwe radhi.

Avelina kanikuta njiani. Kasema liko kwa mama yake, vijana wamelibeba asubuhi baada ya kuziba tundu kwa kizibo changu, na alitaka kuniambia tangu Jumatatu. Nimekimbia. Mungu wangu! Ndani ya jahazi langu, vijana wanne, suruali zimekunjwa hadi magotini, wanakanyaga ndizi mbivu kwa nyasi! Kumbe Nyakakika nzima ilijua gogo la namna ile huchongwa kwa kazi moja tu: kukamulia rubisi, pombe ya harusi. Nzima, isipokuwa nahodha. Mama mkwe kanishukuru mbele ya watu. Mama mkwe habishiwi. Nimesema karibu, mama.

Ijumaa, 11 Julai

Jahazi liko uani kwa mama mkwe, juu ya magogo mawili. Limejaa juisi ya ndizi na unga wa mtama, limefunikwa majani ya migomba, linachacha. Kesho upande wa bwana harusi unatoka Nyakatuntu kule Kyerwa, na bila rubisi hakuna mtu atakayefungua mdomo. Hayo nayaelewa. Ila na wao waelewe kwamba ile ni meli! Nikapanga: nisimamishe mlingoti na tanga humo humo, wageni walione kwa mbali, Protase apasuke.

Nimekwenda wote wakiwa wanakata matoke shambani. Unachomoa kizibo kwa chini, unapenyeza mlingoti haraka, mlingoti unakuwa kizibo. Rahisi. Kizibo kiligoma, nikakipiga jiwe. Rubisi imenipiga usoni! Nimepenyeza mlingoti. Haupiti! Mti umelowa, umevimba, tundu limebana. Na kizibo? Kimechukuliwa na mkondo mpaka kwenye mibuni. Nimeziba kwa kiganja, kwa kofia, kwa mgongo. Yote imekwisha.

Avelina kanikuta nimelala chini ya jahazi, nimelowa chapachapa, kuku wanayumba pembeni. Alikaa kwenye majani akashika kichwa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumamosi, 12 Julai

Wageni wamefika. Mshenga wao kaomba kitu cha kulainisha koo ndipo aseme. Hatukuwa na kitu. Sperancia kanitazama, macho mekundu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha baiskeli! Nimetamani ardhi ipasuke. Mama mkwe hakunitukana. Kaniangalia mara moja, kaenda zake jikoni. Ningependa matusi.

Ndipo nani kaingia na madumu ya rubisi? Protase! Alikamua ya ubatizo wa mjukuu wake, kaitoa yote. Harusi imeendelea. Kakalishwa mbele, kawaeleza watu wa Nyakatuntu habari za bahari. Wameshtuka. Nimemwomba radhi. Kasema haina shida, kwa sauti iliyofika barabarani.

Jumapili, 13 Julai

Ukoo umekata shauri: nimrudishie Protase rubisi yake, na nikanyage ndizi peke yangu ndani ya jahazi, kizibo kikiwa kimerudishwa tunduni. Avelina kaketi pembeni na maharage yake. Kasema siku mama yake atakapoinamisha kichwa tena mbele ya wakwe kwa sababu yangu, yeye atarudi kwao, na safari hiyo haihitaji tanga. Imenichoma moyoni. Nimemwapia kwamba lile tundu sitaligusa tena maishani.

Nikaendelea kukanyaga. Juisi ikapanda, ikapiga ukuta huu, ikarudi ukuta ule. Mawimbi! Nikainama kuchungulia chini. Hakuna tone linalovuja. Nimeduwaa. Kama rubisi haitoki, bahari itaingiaje?

Wasiwasi umebaki kwenye lile tundu tu, na lile nimeapa kutoligusa. Basi kesho, Avelina akienda sokoni, natoboa la pili. Maji yakiingilia la kwanza, yatatokea huku.