Zinia Zangu Hazikuomba Daraja Takatifu

Bugene, Karagwe
Jumatatu, 16 Juni

Kwa Mwenyekiti wa Wapambaji wa Altare, Mama Evangelina, ambaye pia ni mama yangu wa ubatizo,

Shikamoo.

YAH: UVUNAJI WA MAUA BILA RIDHAA YA MPANDAJI

Mimi, Novatus Rwezaura, mhitimu wa shahada ya kwanza ya kilimo cha bustani (daraja la pili la juu), naandika kwa unyenyekevu mkubwa na maumivu ya wastani.

Mwezi Machi nilipanda zinia mbele ya nyumba yetu, kando ya barabara: nyekundu, njano na zambarau, ili kiangazi kikikausha kila kitu, rangi ibaki. Sitaficha lengo. Celestina, fundi cherehani, hupita hapo kila asubuhi akienda Kayanga, nami nilitaka ageuze shingo. Lengo hilo linahujumiwa kama ifuatavyo:

1. Kila Jumamosi alfajiri wanakamati wako huingia bustanini na visu vya kumenyea ndizi, kisha huondoka na ndoo nzima ya maua. Nilipohoji, Mama Placidia alinijibu, "Baba, kwani ua lisilokwenda altareni linakwenda wapi?" Nilikuwa na jibu, ila si la kumweleza mtu mzima.

2. Jumatatu Celestina hukuta vikonyo. Siku moja aligeuza shingo kweli, akaniuliza kama tumeingiliwa na mbuzi. Kwa kuilinda heshima yenu, nilikubali kuwa ni mbuzi.

3. Jumapili iliyofuata lilisomwa tangazo la kunishukuru kwa "sadaka yake ya kila wiki". Waumini walipiga makofi. Nilisimama, nikainama. Tangu hapo siwezi kulalamika hadharani.

4. Huku kwetu, kijana msomi asiye na mke, anayelimia altare, hutafsiriwa kwa namna moja tu. Jirani yetu Mzee Anatory ameanza kuniita Padri. Mama yangu ametenga migomba kumi kwa ajili ya rubisi, pombe ya ndizi ya sherehe ya upadrisho, ingawa masomo hayo huchukua miaka mingi na mimi sijaomba hata fomu.

5. Alhamisi iliyopita Celestina mwenyewe alinipigia goti na kusema, "Tumsifu Yesu Kristo. Utuombee." Mwenyekiti, mtu akishakuomba umwombee, unaanzia wapi kumposa?

Kwa hiyo naomba uvunaji usitishwe mara moja, na itangazwe kanisani, kwa sauti ileile iliyotumika awali, kwamba sina wito. Vinginevyo nitazungushia bustani miiba na kupeleka nakala ya barua hii kwa Paroko, na ikibidi kwa Askofu.

Wasalimie sana mumeo Baba Elipidius, watoto, na wanakamati wote wenye visu.

Ni mimi mwanao katika ubatizo na mtaalamu wako katika mimea,

Novatus Rwezaura

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Celestina amepita kunijulisha kuwa amejiunga na kamati yako, na kwamba Jumamosi hii zamu ya kukata ni yake, peke yake. Naomba namba 1 hadi 5 zifutwe. Nimekagua bustani: kila shina mlilokata limechipua vichwa vinne vipya, jambo ambalo nilifundishwa chuoni na kulijibu vizuri sana kwenye mtihani. Kiutaalamu, zinia hizi zinahitaji kukatwa mara mbili kwa wiki. Lile tangazo la kwamba sina wito ndilo pekee libaki, na ikiwezekana lisomwe kwenye sala ya jumuiya Alhamisi, kabla hajaja na kisu.