Kisigino Changu na Viatu Nisivyovivaa

Jamani, leo aibu imenikuta nimelala kifudifudi, mguu mmoja hauna soksi.

Mnajua nauza viatu vya kike kwa jumla, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mzigo wangu wa sasa ni vile vya soli nene, naviita vya daktari. Kila mteja namwapia: "Dada, ukivaa hivi kisigino hakikusumbui tena." (Mdomo huu ndio mtaji wangu.)

Sasa kinachosumbua ni kisigino changu. Nikishuka kitandani asubuhi, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Hospitali wakaniambia utando wa chini ya unyayo una shida, nikapigwe mashine ya mawimbi. Dukani nikaaga naenda bandarini kufuatilia kontena. Ningesemaje?

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni binti wa Kihindi anaitwa Hina, mtoto wa mjini, Kiswahili chake kinakimbia kuliko changu.

"Shikamoo mama. Vua viatu, lala hapo."

Akanipaka jeli kisiginoni, akawasha. Weee! Tatatatata! Kama fundi viatu mwenye hasira anagonga soli, na soli ni wewe. Ili nisahau maumivu, Hina akaanza maswali. Kwa kelele zile ikabidi nijibu kwa kupaza sauti.

"Unafanya kazi gani mama?"

"Nauza viatu!"

"Kwa hiyo hivi ulivyovua ni vya dukani kwako?"

"Hivyo vya Mama Neema, mpinzani wangu wa ng'ambo ya barabara! Nilimtuma dada wa kazi akaninunulie!"

"Sasa vya kwako huvai?"

Mashine ikazimwa. Mimi sikuzimika.

"VYANGU? VIGUMU KAMA UBAO! MGUU WANGU SIUINGIZI HUMO NG'O!"

Mara kitanda cha pili, nyuma ya pazia, sauti ikaniita: "Mama Glory?"

Pazia likavutwa. Mama Zuwena wa Kigamboni! Mteja wangu mkubwa kuliko wote, anayevuka na kivuko cha Magogoni kila wiki kuchukua mzigo kwangu. Kisigino chake kina jeli. Chini ya kitanda chake, pea yangu ya vya daktari.

"Habari za Kigamboni?" (Ndicho kilichonitoka.)

"Nzuri. Nimepita dukani kwako, wakasema uko bandarini. Kontena limetoka?"

Hina akageukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mimi nikajua mteja ndiyo nimeshampoteza. Lakini Mama Zuwena hakugomba. Akafuta jeli taratibu, akavitazama viatu vyangu pale chini.

"Inuka, mama. Nipeleke kwa huyo Mama Neema."

Tumetoka tunachechemea wote wawili, namfikisha mteja wangu kwa mpinzani wangu, wafanyakazi wangu wanatuangalia kutoka mlangoni kwa duka langu. Mama Neema akatutazama miguuni, akavitambua viatu vyake.

"Karibu, jirani. Naona vimekukaa vizuri."

Kisigino kimepata nafuu, nashukuru. Msinicheke. Atakayecheka, kesho namuuzia pea.