Kibali cha Kuokoa Dunia

Idara ya Viwango vya Ushujaa wa Kike inapenda kuutangazia umma kwamba, kuanzia sasa, hakuna mwanamke atakayeokoa dunia kwenye filamu bila kibali. Wale wanaoiokoa kiholela, nywele zimefungwa, viatu bapa, sura za watu wenye kazi ya kufanya, wanaombwa waache mara moja na kuripoti ofisini kwetu, ghorofa ya nne, mlango wa pili baada ya choo. Lifti haifanyi kazi.

Tangazo hilo Mkurugenzi wa Idara alilibandika ukutani kwa mkono wake mwenyewe, kisha akarudi nyuma kidogo kulitazama, kifua mbele. Alikuwa na haki ya kujisikia. Kabla yake, filamu za mashujaa zilikuwa vurugu tupu. Mwanamke mwenye nguvu za ajabu aliweza kutokea kwenye skrini, akawatandika majambazi, akaenda zake nyumbani, na watazamaji wakatoka ukumbini bila kujua kiuno chake kilikuwa na ukubwa gani. Mkurugenzi aliliona pengo hilo, akaunda Idara ya kuliziba.

Na Idara ilichapa kazi, usiione hivi hivi. Wafanyakazi wote walikuwa wanaume, kwa sababu wanawake, kama Mkurugenzi alivyopenda kufafanua, wangeweza kuwa na upendeleo. Kitengo cha Nywele kilithibitisha kwamba shujaa wa kike hupigana vizuri zaidi jicho moja likiwa limefunikwa. Kitengo cha Mavazi kilipitisha vazi la chuma linalofunika sehemu zote ambazo mpiga picha hazipendi. Kitengo cha Mkao kilihangaika na mabango. Ilikubalika kwamba shujaa wa kiume atazame mbele, wa kike ageuke nyuma, kisha ageuke mbele, bila kuacha kugeuka nyuma. Daktari wa mifupa aliyealikwa kutoa ushauri alisema uti wa mgongo wa binadamu hauwezi kufanya hivyo. Idara ilimshukuru kwa mchango wake, ikaupa uti wa mgongo muda wa kujirekebisha.

Yote hayo yalikusanywa kwenye kitabu kimoja kilichoitwa Mwongozo. Na Mwongozo ndio uliobeba roho ya Mkurugenzi, kwa kuwa kiti cha Katibu Mkuu wa wizara kilikuwa wazi. Waziri mpya, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alikuwa ameahidi kuja studio kushuhudia tukio la kwanza likipigwa picha kwa kufuata Mwongozo. Akipendezwa, kila mtu alijua nani atakikalia kile kiti. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameshaingia kwenye ofisi ile akisingizia kutafuta stepla, akakikalia, akazunguka nacho mara mbili.

“Ni mwanamke,” alimwambia mkewe asubuhi ya siku hiyo, akifunga tai. “Atafurahi kuona wanawake wenzake wanavyotunzwa.”

Mkewe alimuuliza kama anataka chai nyingine.

Studio ilikuwa ghala la zamani la magunia. Ndani yake mafundi walikuwa wamejenga ukuta wa mbao mfano wa jengo la ghorofa tatu, nyuma yake wakatundika kitambaa cha kijani. Kutoka juu ya ukuta huo ndipo Bi Kimondo, shujaa wa filamu, alitakiwa aruke akiwa amefungwa kamba. Mwigizaji mwenyewe, bila shaka, hakuwa wa kuruka. Wa kuruka alikuwa dada mmoja ambaye riziki yake ni kuanguka kwa niaba ya watu maarufu. Walimwita Mpira, maana kila alipoanguka aliinuka. Alikuwa pia mdogo wake mke wa Mkurugenzi.

Alimfuata Mkurugenzi akiwa na viatu mkononi.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba, shemeji. Mbona bado umevaa ovaroli?”

“Nimekuja tuongee kwanza. Hivi viatu ni vya nini?”

“Vya kurukia.”

“Kisigino hiki kinakaribia goti langu.”

“Kitengo kilitaka kirefu zaidi. Mimi ndiye niliyewatuliza.”

“Ni ghorofa tatu, shemeji. Nikitua na kitu hiki, mguu unaingia tumboni.”

“Hilo limezingatiwa. Ukishatua unapiga goti moja, unainua uso taratibu, midomo wazi kidogo.”

“Midomo itakuwa wazi, usijali. Nitakuwa napiga yowe.”

“Yowe haliruhusiwi. Unaweza kuhema.”

“Na hili wigi usoni? Nitaonaje ninapotua?”

“Utaona kwa hisia. Nyinyi wanawake mna hisia.”

Mpira aliviweka viatu chini. Utani ulikuwa umemwisha. Mwenzake mmoja aliwahi kuruka na visigino kama hivyo kwenye filamu nyingine, na mpaka leo anatembelea mkongojo.

“Naogopa, shemeji,” alisema. “Kazi yangu ni kuruka, na huwa siogopi. Leo naogopa kweli.”

Mkurugenzi aliguswa. Alimwekea mkono begani, akamhakikishia kwamba hata hofu imetengewa nafasi kwenye Mwongozo. Ni chozi moja, jicho la kushoto, lisiharibu wanja.

Mpira alivuta pumzi, kisha akawageukia wanaume wa kamba, wale mafundi wanaowafunga na kuwashusha warukaji. “Jamani,” alisema kwa sauti, “bosi bado hajaning'inia.”

Hapo inabidi ielezwe kwamba watu wa kazi ile wana desturi yao. Anayeagiza mruko ndiye anayening'inia kwanza, kwa kamba ile ile, kwa vazi lile lile. Waongozaji filamu wameshaning'inia. Matajiri wenye filamu zao wameshaning'inia, mmoja wao na shati lake la hariri. Hakuna cha mkubwa wala mdogo. Wanaume wa kamba waliposikia kwamba Mkurugenzi hajaning'inia, waliiachia kamba, wakaketi chini, wakaanza kumenya machungwa.

“Mimi ni mtu mwenye cheo!” alisema Mkurugenzi.

“Ndiyo maana tunakusubiri, mzee,” alijibu mmoja wao, akitema mbegu.

“Kwani vifaa si salama, shemeji?” Mpira aliuliza kwa upole.

“Ni salama kabisa!”

“Basi kuna neno gani?”

Neno halikuwepo. Mkurugenzi aliwatazama wasaidizi wake, kila mmoja akaona kitu cha maana sana darini. Bwana Nukta, mkuu wa Kitengo cha Mazungumzo, mtu mwembamba ambaye kazi yake ni kuhesabu maneno ya wanawake ndani ya filamu kwa kile kidude cha kubonyeza wanachohesabia watu mlangoni, alisogea na kumnong'oneza kwamba gari la Waziri limeshakata kona. Mkurugenzi akapiga moyo konde, akaelekea chumba cha nguo.

Fundi wa nguo alikuwa mama mnene mwenye pini mdomoni, na aliongea bila kuzitoa.

“Vuta pumzi, baba.”

“Nimevuta.”

“Sasa usiitoe mpaka kesho.”

Vazi lilipanda. Liligoma kwenye nyonga, likabembelezwa, likapanda tena. Mbele ya tumbo Kitengo cha Mavazi kilikuwa kimeacha uwazi wenye umbo la jani kwa ajili ya kupitisha hewa, na tumbo la Mkurugenzi lilipouona uwazi huo likatoka lote kuja kuangalia kuna nini. Wigi lilitua kichwani, likaficha jicho moja. Kisha vikaja viatu. Mkurugenzi alisimama, akayumba, akapiga hatua kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo.

“Umependeza,” alisema fundi, pini zikimtetemeka mdomoni.

Lakini mtu aliyeandika Mwongozo hakosi msimamo. Wanaume wawili wa kamba walimkokota hadi juu ya ukuta wa mbao, wakamfunga mkanda, na alipofika ukingoni aliona heri afanye jambo kwa ukamilifu wake. Akajipanga katika Mkao. Akageuka nyuma. Akageuka mbele bila kuacha kugeuka nyuma. Kitu fulani mgongoni kikalia, na alipotaka kurudi kama alivyozaliwa, mwili ukakataa.

Ni katika hali hiyo Waziri alipoingia, mkoba kwapani. Alitazama juu. Akavuta kiti, akakaa.

“Endeleeni,” alisema. Mpiga picha akawasha kamera.

Sasa, itifaki iko wazi. Mtumishi wa umma hampi Waziri mgongo. Mkurugenzi, mwenye jicho moja chini ya nywele na jingine limeelekea upande usiohusika, alirudi hatua moja ili ageuke na kuinama kwa heshima. Hatua hiyo haikuwa na sakafu.

Kamba ilishika. Kwa bahati njema kamba ndiyo kitu pekee studioni ambacho Idara haikuwa imekiwekea viwango. Mkurugenzi akaning'inia akizunguka taratibu, kisigino kimoja kimenasa kwenye mbao, wigi limemwingia mdomoni. Alilitema, akaanza kuongea.

“Nishusheni! Jamani nishusheni! Nakufa mimi! Mama yangu wee! Hamnisikii? Nishusheni nasema! Mgongo! Mgongo wangu! Mtaniua na mke wangu mtamwambia nini? Shemeji! Shemeji yangu mpenzi! Njoo! Nakuomba! Fanyeni kitu, nyie watu! Viatu hivi nani kavileta? Nishusheni!”

Chini, Bwana Nukta alibonyeza kidude chake kwa uaminifu, neno kwa neno. Wasaidizi wengine walikimbia huku na huku wakiulizana ni kitengo gani kinachohusika.

Mpira hakumuuliza mtu. Alizikusanya nywele zake, akazifunga kwa mpira wa kufungia pesa aliouokota mezani, akapanda ule ukuta wa mbao na ovaroli lake na raba zake zilizochakaa. Alikinasua kisigino kwa teke moja. Akamkumbatia shemejiye kiunoni, pale uwazi ulipoishia, akaishika kamba kwa mkono mwingine, wanaume wa kamba wakailegeza, akashuka naye hadi kwenye godoro la kuangukia na kutua kwa miguu miwili.

“Pole, shemeji,” alisema, akimtoa nywele mdomoni.

Studio ililipuka kwa makofi. Wanaume wa kamba walipiga miluzi. Fundi wa nguo alicheka mpaka pini zikamwagika, na kamera ilikuwa imechukua kila kitu.

Waziri aliinuka. Kutoka kwenye mkoba wake alitoa Mwongozo uliojaa mistari ya kalamu nyekundu.

“Nimeusoma wote njiani,” alisema. “Dereva alisimamisha gari akidhani nalia. Hebu nisaidieni. Unamhusu mtu gani hasa?”

“Yeyote aliyevaa vazi, Mheshimiwa,” alijibu Bwana Nukta, akiona nafasi yake ya kung'aa. “Bila ubaguzi wowote. Kifungu hicho tunajivunia sana.”

“Vizuri. Na hapa mmeandika mvaa vazi haongozi kikosi. Anasimama nyuma ya kiongozi, upande wa kushoto, akimtazama kwa kumwamini.”

“Ndivyo, Mheshimiwa.”

“Kwa hiyo huyu hawezi kuwa Katibu Mkuu.”

Bwana Nukta aliupitia Mwongozo kichwani upande huu na upande ule, akitafuta upenyo. Lakini walikuwa wameuandika vizuri mno.

“Hawezi, Mheshimiwa,” alisema.

“Ana umri gani?”

“Hamsini na nne.”

“Mmeandika kwamba mvaa vazi akivuka thelathini hawi shujaa tena. Anabakiwa na nafasi mbili. Ama mchawi, ama mama mzazi anayekufa filamu inapoanza. Basi Idara haiwezi kuwa chini yake. Mtamuuliza kesho anachagua ipi.”

Mkurugenzi, bado amejipinda juu ya godoro, aliona kiti cha Katibu Mkuu kikimponyoka, na kiti chake mwenyewe kikikifuata. Alikuwa na hoja. Alikuwa na utetezi mzima, wenye utangulizi na hitimisho. Alinyoosha mkono, akajikohoza.

Bwana Nukta naye akanyoosha wake, kidude kikiwa juu ili kila mtu akione. “Samahani, Mheshimiwa. Kifungu cha mazungumzo. Mvaa vazi ana maneno thelathini kwa filamu nzima. Huyu ameyamaliza alipokuwa kule juu.”

“Yote?”

“Amezidisha, Mheshimiwa. Zaidi ni 'nishusheni'.”

“Basi hana pingamizi,” alisema Waziri.

Kisha akakigeuza kiti chake, akakaa akimwelekea Mpira. “Wewe, mwanangu, unayeruka. Filamu hii unaionaje?”

Mpira aliwatazama wote, akaketi ukingoni mwa godoro, akaanza na viatu. Kutoka kwenye viatu akaingia kwenye wigi, kutoka kwenye wigi akamfikia mwenzake wa mkongojo, na hapo sauti ikamtetemeka, ikakaa sawa, akaendelea. Alisema mpaka machungwa yakaisha. Bwana Nukta alikuwa na kidude chake mkononi muda wote, na hakubonyeza hata mara moja.